Shajara ya mnara wa Mjimwema: waya uliokuwa unakula wati zangu

Jumamosi, 1 Februari

Naanza kuandika maana kichwa changu hakitunzi namba na mradi huu wa redio ya ridhaa (kuongea na watu wa mbali kwa redio yako ya nyumbani) umeshakuwa na namba nyingi. Hali ilivyo leo ni hivi. Mnara upo, mita 18, vyuma vya engo tulivyochomelea uani na fundi wa hapa hapa Mjimwema, Kigamboni, umepigwa redoksaidi na rangi ya silva juu yake kwa sababu bahari iko karibu na chumvi ya huku haina huruma, waulize mabati yangu. Juu kuna yagi mbili (antena za vijiti zinazoelekezwa upande mmoja), ya mita 2 (145 MHz) na ya sentimita 70 (435 MHz), hizo mita na sentimita ni urefu wa wimbi, zinazungushwa na rota, zote zinakutana kwenye dupleksa halafu waya mmoja tu unashuka mpaka chumba cha redio. Pembeni kuna dipole, antena ya waya, ya wimbi la mita 40 imevutwa mpaka kwenye mwembe, hiyo ina waya wake. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo. Redio inatoa wati 50 kwenye VHF (hiyo 145) na 35 kwenye UHF (hiyo 435).

Yaani kila kitu kipo, ila sisikiki.

Jamaa yangu wa Unguja, hapo ng'ambo tu, kilomita kama 70 na ni maji matupu hakuna hata kichuguu katikati, kila nikimwita ananiambia "bana unaongea ukiwa ndani ya pipa?" Na yeye antena yake ni fimbo tu juu ya bati. Kituo cha anga cha ISS kikipita juu yetu na kurusha kwenye 145.800 nasikia mchanganyiko wa mvua na maneno, wakati watu wanakisikia kwa redio ya mkononi na antena ya kuunga uunga. Mimi na mnara wangu wa mita 18 nasikia mvua.

SWR (kile kipimo cha mawimbi yanayogonga antena na kurudi) nimepima, 1.1. Safi kabisa. Sasa nafikiria kununua bustar ya kuongeza nguvu, ya wati 200, nimeshaulizia na bei. Mama watoto bado hajaambiwa bei.

Jumamosi, 8 Februari

Leo kaja mzee mmoja, zamani alikuwa mtu wa simu za upepo melini, saivi amestaafu anafuga kuku Kibada. Nimemwamkia, amekaa, amekunywa chai, nikamwonyesha mita kwa majivuno kidogo. Mzee shikamoo tena, nikamwambia, tazama SWR 1.1, VHF na UHF.

Akacheka. "Mwanangu, hiyo ndogo mno. Mimi hiyo ingenitisha."

Nikadhani anatania. Akauliza waya gani unapanda mnarani, nikamwambia RG-58, ule mwembamba, mita 40 hivi, wa miaka mitatu. Akauliza tena, miaka mitatu juani? Hapa pwani? Nikasema ndio mzee. Akamaliza chai yake taratibu, akasema kesho mpandishe kijana afungue waya kule juu kwenye dupleksa, auache wazi unaning'inia, halafu wewe pima tena SWR, usirushe nguvu nyingi. Akaondoka zake hakutaka kunifafanulia, nadhani alikuwa anafurahi moyoni.

Jumapili, 9 Februari

Nimefanya. Kijana wa dada yangu kapanda na mkanda wa usalama (bila mkanda hapandi mtu mnara wangu, hilo halina mjadala), kafungua konekta, kanipigia simu kutoka juu, "mjomba tayari, nimeuachia". Sijatumia redio, nimetumia NanoVNA, kale kapimio kadogo kama simu, sikutaka kuunguza kitu.

145 MHz, waya haujaunganishwa na chochote, antena hakuna: SWR 1.2.

Nimekaa kimya kama dakika nzima. Kijana anaita huko juu, "mjomba nirudishe?" namwambia subiri. Nikahamia 435 MHz, karibu 1.0 kamili. Antena hakuna jamani! Waya unaning'inia hewani afu kipimo kinaniambia mambo ni mazuri tu.

Kumbe hivi. Umeme wa redio unaondoka chumbani, njiani waya unaukula, unafika juu umebaki kidogo, unagonga mwisho ulio wazi na kurudi wote, wakati wa kurudi unaliwa tena mara ya pili, ukifika kwenye mita kilichobaki ni makombo. Mita inaona makombo inasema loh, kinachorudi ni kidogo, antena nzuri. Mita haina habari kwamba kilicholiwa kililiwa njiani. Kwa hiyo waya ukiwa mbovu SWR inakuwa nzuri, na ukiwa mbovu kupindukia inakuwa nzuri kupindukia. Miaka mitatu najisifia ubovu.

Na hapo hapo kuna njia ya kupima waya bila kununua chombo cha mamilioni: acha mwisho wazi, soma kinachorudi kimepungua desibeli (dB) ngapi, gawa kwa mbili, maana umeme umepita njia hiyo hiyo mara mbili. Mimi nilisoma 21 dB kwenye 145. Nusu yake 10.5. Vitabuni RG-58 mpya hula kama 20 dB kwa mita 100 kwenye masafa hayo, kwa mita 40 ni 8, kwa hiyo huu wangu umezeeka na umeongeza ulafi wa 2.5 juu.

10.5 dB maana yake nini. Kila 3 dB ni nusu. Wati 50 zinabaki 25, zinabaki 12, zinabaki 6, na kidogo chini ya hapo. Juu mnarani zinafika wati 4 na nusu. Redio ya mkononi ni wati 5! Ningepanda mnara na redio ya mkononi nikaichomeka kwenye yagi ningefanya vizuri kuliko hiki kituo changu chote. UHF hata sitaki kuandika, ni chini ya wati moja.

Bustar nimeifuta kwenye daftari. Ili wati 35 zifike juu kwa waya huu ningehitaji kurusha kama 400 kutoka chini, na waya wenyewe usingehimili. Na bado ingekuwa nusu ya tatizo, sababu bustar inasaidia kusema tu, haisaidii kusikia, sauti ya ISS inayotoka juu inaliwa vilevile ikishuka.

Jioni nimeufungua waya kichwani, pale juu kwenye konekta. Nyuzi za shaba zilizosukwa zimekuwa nyeusi kama masizi, nikakata sentimita 10, nyeusi, nikakata nyingine, nyeusi, mpaka karibu nusu mita ndo nikaanza kuona rangi ya shaba. Maji yaliingia kwenye ile PL-259 na yakanywewa na nyuzi kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Konekta ya PL-259 haizibi maji, inajulikana, mimi niliizungushia tepu ya umeme ya kawaida mizunguko mitatu nikaona nimemaliza.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki nzima ni hesabu, hata kwenye daladala napiga hesabu. Waya mpya unahitaji mita 40: 18 za kushuka mnara, 14 za kuvuka uwanja hadi ukutani, zilizobaki ni mizunguko na chumbani.

Kwanza kwa nini waya unakula. Masafa yakiwa makubwa umeme hautembei ndani ya shaba, unatembea kwenye ngozi yake tu, kwa hiyo waya mwembamba una ngozi ndogo, njia ni nyembamba, msongamano, joto. Waya mnene una ngozi kubwa. Halafu ile plastiki katikati nayo inakula chake, ndio maana waya za maana zina plastiki iliyojaa mapovu ya hewa, hewa haili kitu. Na masafa yakipanda ulaji unapanda, ndo maana waya ule ule ambao kwenye 7 MHz ni malaika kwenye 435 ni jambazi.

Sasa nyaya za urefu wa mita 40, kwenye 145 MHz, nikirusha wati 50. RG-213, ule mnene mweusi wa kidole, unakula kama 3.4 dB, zinafika wati 23. LMR-400, unene ni ule ule lakini plastiki yake ina mapovu na chini ya nyuzi kuna karatasi ya alumini, unakula kama 2, zinafika 31 au 32. Kebo ngumu ya nusu inchi, zile za minara ya simu (maarufu ni Heliax), inakula 1.06, zinafika 39. Ile ya inchi 7/8 inakula 0.6 tu, zinafika 43.

Ukienda 435 na wati 35 ndo unaona tofauti ya watu na viatu. RG-58 mpya kabisa, wati 1. RG-213, wati 8. LMR-400, 15 na ushee. Nusu inchi, 22. 7/8, 27.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "waya gani mzuri" muulize kwanza wa masafa gani na mita ngapi. Dipole yangu ya mita 40 inafanya kazi 7 MHz, pale RG-58 mita 40 unakula kama dB moja na nusu, RG-213 unakula kama 0.6. Tofauti hiyo hakuna mtu wa Nairobi wala wa Italia atakayeisikia. Ile siigusi, nitabadilisha konekta tu nizibe maji. Kuna watu wanasema weka ngazi, yaani zile nyaya mbili sambamba zenye vijiti katikati, kwa HF (masafa ya chini kama hiyo 7 MHz) hazili karibu chochote, ni kweli kabisa, ila zinataka zikae mbali na chuma na mnara wangu wote ni chuma, na zile za plastiki zenye madirisha zikilowa na kushika chumvi tabia inabadilika. Nimeacha.

Wazo jingine lililonijia usiku: badala ya kuvuta waya mrefu, redio iwekwe chini ya mnara kwenye boksi, nivute waya wa data tu mpaka ndani. Watu wa simu ndicho wanachofanya siku hizi, mitambo inakaa juu kabisa karibu na antena, kinachopanda ni faiba na umeme. Ni akili nzuri. Ila boksi la chuma juani Dar mwezi wa pili ni oveni, na mtaa huu hata ndala ukiziacha nje usiku ni bahati nasibu.

Jumapili, 16 Februari

Kariakoo. Nimepanda pantoni saa moja asubuhi nikidhani nitawahi watu, wapi.

Nimezunguka maduka ya vifaa vya umeme na madishi. Kilichojaa ni RG-6, waya wa dishi, roli kwa roli. Na nisiudharau, nimeukokotoa: kwenye 145 MHz unakula kama 8 dB kwa mita 100, yaani unalingana na RG-213 kwa bei ya karanga! Shida zake ni kwamba ni wa ohmu 75 wakati redio na antena ni 50, hiyo inakupa SWR ya 1.5 ambayo haiui mtu. Kinachokera zaidi ni nyuzi za nje ni alumini, hazishiki risasi ya kuchomelea, na waya wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa kusikiliza tu ningeuchukua bila kufikiria mara mbili. Kwa mnara huu, hapana, lakini mwenye mfuko mdogo na nia kubwa asione aibu.

RG-213 nimeupata duka moja. Nje umeandikwa vizuri kabisa, RG213 50 OHM, herufi nyeupe. Nikaomba mita moja ya kununua, nikaikata pale pale kaunta kwa kiwembe, muuzaji kakunja uso. RG-213 wa kweli una kipenyo cha kama milimita 10.3, waya wa kati ni nyuzi 7 za shaba, na msuko wa nje umebana kiasi kwamba plastiki ya ndani huioni. Huu msuko wake ulikuwa kama chandarua cha kuvulia pweza, plastiki nyeupe naiona mpaka mwisho. Nikatoa sumaku (nimekuja nayo, ya spika mbovu), nikaisogeza kwenye waya wa kati, ta! imenasa. Chuma. Muuzaji akasema "kaka hiyo ndo orijino ya China". Nikamshukuru nikaenda.

Duka la nne, mtaa wa nyuma, babu mmoja ana roli la zamani lina vumbi, nikakata, msuko umebana, shaba saba, sumaku imekaa kimya. Nikachukua mita 6. Za nini mita 6 nitaeleza.

LMR-400 hakuna. Kuagiza nje kunawezekana ila nauli yake na ushuru, tuache.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya skrepa.

Kijana ndo kaniambia, "mjomba mbona Vingunguti wanauza mabomba ya shaba yanafanana na yale unayoonyeshaga kwenye simu". Watu wa minara wanapohama kwenda faiba, kebo nene za zamani zinashushwa, zinauzwa kama vyuma chakavu, wanazichoma kutoa plastiki wapate shaba. Hapo ndo roho inauma, kitu kinachouzwa ghali kwa mita kinachomwa moto kwa kilo.

Tumefika tumekuta rundo. Kebo ya nusu inchi ganda jeusi, ukikata unaona bomba la shaba lenye mikunjo mikunjo kama koo la mbuzi, ndani povu jeupe, katikati waya mnene wa alumini uliovishwa shaba. Nilitaka kulia.

Lakini kabla ya bei nikauliza karatasi. Kebo kama hizi zinaibiwa, na ukikamatwa na kebo ya wizi hukamatwi na wizi wa kuku, ni kuhujumu miundombinu, utaeleza habari za ISS kwa nani? Mwenye yadi hakuchukia, katoa risiti ya alikonunulia na kaniandikia yangu. Asingekuwa nayo ningegeuza.

Inauzwa kwa kilo. Roli nililolitaka likapanda mzani likasema kilo 9 na nusu. Kebo hii ina uzito wa gramu 220 kwa mita, kwa hiyo bila futi nikajua ni kama mita 43. Mwenye yadi akashangaa nimejuaje. Na kulikuwa na vipande vifupi vya kebo hiyo hiyo vyenye konekta zake, 7/16, zile kubwa za kufungwa kwa spana, siyo za kuchomelea, zinavuliwa na kuvalishwa tena. Nikachukua nne. Kwa hizi konekta tu safari ilishalipa.

Ile ya 7/8 nayo ilikuwepo na kijana aliing'ang'ania, "si umesema ndo inakula kidogo zaidi". Kweli, lakini hesabu: kwenye 145 ninaokoa chini ya nusu desibeli, hakuna sikio linalosikia nusu desibeli. Kwenye UHF ninaokoa kama 0.8. Na ile haipindiki kirahisi, ina uzito zaidi ya mara mbili, na konekta zake hazikuwepo. Nusu inchi inanitosha.

Kuisafirisha nayo ni habari. Haitakiwi kupindwa kwa nusu kipenyo chini ya milimita 125, ukiikunja ikapata kovu basi hapo umeme utagonga na kurudi siku zote. Bodaboda akasema anaweza kuikunja vizuri ikae kwenye tangi, nikamwambia asiiguse. Tukachukua kirikuu, roli la kipenyo cha mita moja nyuma, mimi nimelishika kama mtoto mpaka Daraja la Kigamboni. Pale kwenye kulipia, mtu kauliza hilo bomba la gesi ya wapi.

Jumamosi, 1 Machi

Kupima kabla ya kupandisha, maana cha skrepa ni cha skrepa. Nimeinyoosha uwanjani, mwisho wazi, NanoVNA upande huu. Kwa mita 43 natarajia inarudi 2.3 dB kwenye 145. Imerudi 2.4. Nimepiga kelele jirani kachungulia.

Halafu nimetumia ile programu ya kutafuta kasoro kwa umbali, ukishaiambia umeme unatembea humo kwa asilimia 88 ya kasi ya mwanga. Mstari umenyooka mpaka mita ya 5 kutoka mwisho, pale kuna kakilima. Kwenda kutazama, kweli, ganda limebonyea, mtu aliikanyagisha gari. Mimi nahitaji mita 36 tu za kebo ngumu kwa hiyo nimekata 7 za upande huo, kovu limeondoka nalo. Kukata ni kwa msumeno wa meno madogo, halafu unapiga brashi kila chembe ya shaba, chembe moja ikibaki kwenye povu ni shoti ndogo ya kesho.

Zile mita 6 za RG-213. Kebo ngumu haiwezi kuzungushwa na rota, ukiipinda kila siku itachoka na kupasuka. Kwa hiyo mita 3 za RG-213 juu, kutoka kebo ngumu kwenda dupleksa, zenye kitanzi kikubwa cha kuzungukia, na mita 2 chumbani kutoka ukutani hadi kwenye redio. Moja ya akiba. Hizo mita 5 zinakula 0.43 dB, sawa na mita 16 za kebo ngumu, inakera ila hakuna namna. Konekta zote za nje ni za aina ya N, adapta kutoka 7/16 kwenda N. PL-259 imebaki kwenye redio tu ndani kwenye ukavu.

Mwezi wa Ramadhani umeingia. Kijana anafunga, simpandishi mnara mchana na njaa na jua hili. Tunasubiri.

Jumapili, 16 Machi

Tumepandisha asubuhi na mapema, alfajiri baada ya daku, kabla jua halijachachamaa. Kebo imevutwa na kamba juu kwa kapi, siyo kwa mkono, na imefungwa kila mita kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Zile tai nyeupe za plastiki nilizotumia zamani zilikuwa zinavunjika kama biskuti, jua lilishazila, nusu zilikuwa zimeshadondoka.

Konekta: kwanza tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe, unaivuta mpaka inakuwa nyembamba, kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ipishane kama vigae maji yasipate mlango, halafu tepu nyeusi nzuri juu yake kuikinga na jua. Kabla ya kuingia ukutani kebo inashuka chini ya tundu halafu inapanda kuingia, maji yanayotiririka yadondokee pale kwenye tumbo yasifuate kebo mpaka kwenye redio.

Athi. Ganda la kebo limefungwa kwenye mnara juu, chini ya mnara, na tena ukutani, na athi rodi zote zimeunganishwa pamoja na ile ya nyumba. Radi za masika hazipigi hodi. Nikisikia ngurumo bado nachomoa waya na kuuweka mbali, sijidanganyi kwamba rodi tatu zinatosha.

Tumemaliza saa tano. Mwisho wa juu ukiwa wazi, pamoja na RG-213 zote, inarudi 3.1 dB. Nusu yake, 1.5 na ushee. Tumetoka 10.5. Wati 35 zinafika juu badala ya 4 na nusu.

Nikamwambia kijana funga dupleksa. Kafunga. Nikapima SWR.

1.8.

"Mjomba vipi?" Nikamwambia shuka tu.

Jumatatu, 17 Machi

Sijalala vizuri. Mama watoto kauliza, "si ulisema ya zamani ilikuwa inasoma 1.1? Sasa hii mpya imesoma kubwa, ni mpya ya nini?" Na ukisikiliza kwa masikio ya kawaida ana hoja.

Nikampigia mzee wa Kibada. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Hiyo 1.8 ndiyo antena yako inaongea. Zamani ilikuwa inapiga kelele ndani ya godoro."

Nikakaa nikafanya hesabu kinyume. SWR 1.8 chini, ukirudisha 1.5 dB za njia mara mbili, juu kwenye antena yenyewe ni kama 2.3. Na ukichukua antena hiyo hiyo ya 2.3 ukaiweka nyuma ya waya unaokula 10.5, chini utasoma 1.07. Yaani 1.1. Ile 1.1 yangu ya miaka mitatu. Antena ilikuwa mgonjwa muda wote, waya ulikuwa unanificha.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikukuu imepita, kijana kashiba pilau, kapanda. Tumeishusha yagi ya mita 2. Pale kwenye gama mechi (kile kipande kinachounganisha waya na yagi) boliti ya chuma cha kawaida imekaa na bomba la alumini miaka mitatu kwenye upepo wa bahari, imetengeneza unga mweupe, ukiigusa inacheza. Nimesugua mpaka alumini imeng'aa, boliti mpya za stenlesi, grisi kidogo, nimesogeza kifungio cha gama sentimita moja na nusu hivi mpaka ikakaa. Ya UHF ilikuwa nzima, nimebadilisha boliti tu kwa tahadhari.

Imerudi juu. SWR chini 1.2, na safari hii naiamini.

Saa kumi jioni nimemwita wa Unguja kwenye 145.500. Kimya kidogo, halafu: "Eh! Nani kakutoa kwenye pipa?" Sindano yake imepanda karibu S mbili (alama za mita ya nguvu ya mawimbi), siyo ajabu kubwa kwa namba, ila kwenye FM ukiwa pale chini kwenye makelele hizo S mbili ndo tofauti ya kusikika na kutosikika. Tumeongea nusu saa, hata habari za karafuu za shangazi yake nimezipata zote. ISS ilipita baadaye kidogo upande wa Bagamoyo, nimeshika tangu iko chini kabisa juu ya paa la jirani, sauti imetulia, na yagi ya UHF nayo nimesikia ripita yao (mtambo wa kurudisha sauti za watu) ya 437.800, ambayo sijawahi kuisikia kabisa tangu nijenge mnara.

Mawingu ya masika yameshajaa upande wa kusini, leo usiku itanyesha. Nimeandika kwa maka peni ukutani nyuma ya redio: 145 MHz, juu wazi, 3.1. Mvua zikiisha mwezi wa sita kijana anapanda tena, tunafungua, tunapima. Ikisoma 3.5 najua kuna konekta imeanza kunywa maji.